Shangazi Aenda Napa na Masufuria

Huku Sacramento, mji mkuu wa jimbo la California, wa nyumbani, habari kubwa ni moja. Binti yenu wa Moshi, yule aliyepandishwa ndege akiwa hajang'oa meno ya utotoni, anaolewa. Mahari imepokelewa, ukumbi umelipiwa, na marafiki zake wa chuo walikuwa wamempangia wikendi ya kuaga usichana kwenye bonde la Napa, wanakotengeneza mvinyo. Ni desturi ya huku. Kabla ya harusi wanawake wenzake humtorosha bibi harusi kwa siku mbili au tatu, wakala, wakanywa, wakapiga picha mia nne, wakarudi na siri. Wazazi hawahusiki. Shangazi ndiyo kabisa.

Taarifa hiyo ya mwisho haikumfikia shangazi wa bibi harusi.

Alichokisikia yeye kwenye simu ni kwamba wanawake watupu watakutana kabla ya harusi, watavaa sare, kila mmoja ameshatozwa mchango, na wanaume hawatakiwi kujua kinachoendelea. Kwa mtu aliyesimamia kicheni pati kuanzia Majengo hadi Machame, ushahidi huo ulitosha. Jumamosi asubuhi gari lilipopita kumchukua bibi harusi, shangazi alikuwa amesimama mlangoni kwa kitenge na kilemba, ana doti mbili za khanga begani na boksi la masufuria saba ya kuwekana ndani.

"Nimewachelewesha?" aliuliza.

Mpambe mkuu, msichana wa Ohio mwenye ratiba ya kurasa nne iliyopakwa rangi kwa kila saa, alifungua mdomo aseme kwamba jina hili halimo kwenye orodha. Bibi harusi akamkanyaga mguu. Boksi likapakiwa.

Msafara ukawa wa watu wanane. Wamarekani watatu waliosoma na bibi harusi, akiwamo huyo wa Ohio. Nesi mmoja wa Dodoma. Mhasibu mmoja wa Naivasha. Mpemba mmoja anayefanya kazi maabara ya hospitali, ambaye hajagusa pombe tangu azaliwe, na kwa sababu hiyo alikabidhiwa ufunguo wa gari kabla hajaulizwa kama anapenda kuendesha. Ongeza bibi harusi, ongeza shangazi.

Gari lenyewe lilikuwa la kukodi, jeupe, viti kumi na viwili. Nyumbani lingeitwa Hiace na kuandikwa jina la nabii kwenye kioo cha nyuma. Yapo mabasi ya fahari yenye viti vya ngozi na taa za disko, yanakodishwa kwa saa. Mhasibu alipoonyeshwa bei alisema kwa hela hiyo dereva aje na posa. Ndipo Mpemba akapata kazi. California ukikamatwa unaendesha na kilevi cha asilimia 0.08 kwenye damu unalala ndani, na gharama za wakili zinazofuata zinaweza kula harusi nzima pamoja na fungate. Asiyekunywa ndiye mtu wa thamani kuliko wote kwenye safari za namna hii.

Sare zilikuwa fulana za waridi zenye maandishi ya kumeremeta kifuani. Ya shangazi haikuwapo, na hakuiulizia. Alifungua khanga zake, akazipasua katikati kwa meno, na kabla gari halijafika Fairfield bibi harusi na Wamarekani wote watatu walikuwa wamefungwa khanga kiunoni juu ya jinzi. Msichana wa Ohio alitaka kujua maandishi ya khanga yake yanasema nini. Mpemba aliyasoma kwenye kioo, akakohoa, akasema ni salamu za harusi.

Bonde la Napa ni jembamba kuliko sifa zake. Urefu wake ni kama kilomita 48, na penye upana mkubwa hapafiki kilomita 10. Barabara mbili, ile ya namba 29 na ile iitwayo Silverado Trail, zinakwenda sambamba, na kati yake ni mizabibu iliyopangwa mistari hadi macho yanachoka. Mvinyo unaotoka humo ni takriban asilimia 4 tu ya mvinyo wote wa California. Lakini bei zake zina kiburi, na kiburi hicho kina tarehe ya kuzaliwa: 24 Mei 1976. Siku hiyo Mwingereza mmoja mwenye duka la mvinyo Paris, Steven Spurrier, aliwakusanya waonjaji wa Kifaransa wenye majina makubwa, akawamiminia mvinyo wa kwao na wa California bila kuwaonyesha chupa. Alama zilipojumlishwa, mweupe ulioshinda ulikuwa wa Chateau Montelena na mwekundu ulioshinda ulikuwa wa Stag's Leap Wine Cellars, yote miwili ya mavuno ya 1973, yote miwili ya viwanda vya bonde hili. Mwandishi wa habari alikuwapo mmoja tu, George Taber wa jarida la Time. Wengine hawakuona habari ya kufuata hapo, maana nani angelipia nauli kwenda kushuhudia Wafaransa wakiwashinda Wamarekani kwenye mvinyo? Mmoja wa waamuzi, Odette Kahn, alidai arudishiwe karatasi yake ya alama.

Shangazi alisikiliza kisa hicho chote akasema amewahi kumwona mama wa bwana harusi akidai zawadi yake irudi, hapohapo Marangu, keki ikiwa haijakatwa.

Aliyebaki mkavu mbele ya mandhari yote alikuwa nesi wa Dodoma. Kwao mizabibu si ajabu. Wamisionari wa Kikatoliki waliipanda Bihawana mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo zabibu zinauzwa kwa ndoo kando ya barabara. Tena Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Hapa Napa ni mara moja, kati ya Agosti na Oktoba, kisha mti unapukutisha majani na kulala.

"Sasa miezi mingine wanakula nini?" aliuliza nesi.

"Wanatukula sisi," alijibu mhasibu wa Naivasha, ambaye alikuwa na orodha ya ada za kuonja mkononi.

Maana huku kuonja kunalipiwa. Mahali pengi ni dola 50 au zaidi kwa kichwa, na huendi tu ukabisha hodi. Mwaka 1968 wenyeji waliamua bonde liwe ardhi ya kilimo, la kwanza Marekani kulindwa namna hiyo, ili majumba yasimeze mashamba. Mwaka 1990 wakaongeza kanuni kwamba viwanda vipya vya mvinyo vipokee waonjaji kwa miadi. Vingi huweka kikomo cha watu sita au wanane kwa kundi, na baadhi huandika wazi kwamba makundi ya kuaga usichana yasijisumbue. Sababu zao si siri: makundi hayo hufika kiwanda cha nne yakiwa na fulana zilizolowa na bibi harusi anayelia. Shangazi alielezwa haya yote. Alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza ni lini kunywa pombe kulianza kuwekewa miadi kama kwa daktari wa meno.

Kiwanda cha kwanza hakitatajwa jina, kwa heshima ya kijana aliyekuwa zamu. Alikuwa mpole, ana shati jeupe na aproni ya ngozi, na alikuwa ameandaa glasi tano kwa kila mtu zikiwa tupu. Akamimina kidogo kwenye ya kwanza, mililita 50 hivi. Shangazi aliitazama glasi, akaitazama chupa, akamtazama kijana. Kijana akaelewa vibaya, akamsogezea ndoo ya kutemea.

Hapo pakawa na kikao. Kijana alieleza kwamba waonjaji wa kweli huzungusha glasi, hunusa, huvuta kinywani, huugaragaza mvinyo mpaka kwenye fizi, kisha hutema, ili akili ibaki timamu hadi glasi ya mwisho. Shangazi akamjibu, bibi harusi akitafsiri kwa uso umeiva, kwamba Uchagani pombe humwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia, au humezwa na walio hai, na haijapata kupatikana njia ya tatu. Akaongeza kwamba mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, wajue hakutia kitu. Akangoja. Kijana akaangalia kushoto na kulia, akajimiminia, akanywa. Kuanzia hapo shangazi alimwita mwanangu.

Na hakunywa kijinga, mjue. Alipofika kwenye Cabernet Sauvignon, mwekundu mzito ulioujengea bonde hili jina, alikunja uso na kusema wametia msesewe. Msesewe ni gome linalotiwa kwenye pombe ya mbege kuipa uchungu, na shangazi hakuwa mbali. Ule ukali unaokausha ulimi unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu na kwenye mbao za pipa. Na mapishi yote mawili, ya ulezi na ndizi kule Kilimanjaro na ya zabibu hapa, yanautaka kwa sababu moja: bila uchungu kidogo, utamu unachosha. "Huyu naye anajua," alisema shangazi kuhusu mtengenezaji asiyemfahamu, na hiyo ndiyo sifa kubwa aliyoitoa siku hiyo.

Lakini aliyesimamisha kazi mezani hakuwa shangazi. Alikuwa dereva.

Mpemba alikuwa amekaa pembeni na chupa yake ya maji, anawasikiliza Wamarekani wakihangaika. Kijana alikuwa amewaambia watafute matunda meusi, tumbaku, mwerezi. Mmoja alisema anasikia harufu ya zabibu. Mwingine alisema ya mvinyo. Msichana wa Ohio alifumba macho muda mrefu, akasema inamkumbusha furaha. Ndipo Mpemba akaomba glasi ya jirani yake, si kwa kunywa, akaipitisha chini ya pua mara moja.

"Karafuu," alisema. "Tena si iliyokaushwa vizuri. Ile iliyolazwa kwenye mkeka mvua ikaikuta."

Akapewa ya pili. "Nazi. Tui limeshika chini ya sufuria." Ya tatu: pilipili hoho mbichi. Ya nne, iliyotengenezwa kwa zabibu za Syrah: pilipili manga, ya kusagwa leo.

Kijana aliinama chini ya kaunta akatoa karatasi za kiwanda. Mvinyo wa pili, kumbe, ulilazwa kwenye mapipa ya mwaloni wa Kimarekani. Hapa inafaa wa nyumbani mjue kwamba dada yenu wa Pemba hakuwa akibahatisha. Mbao za mwaloni zinapobabuliwa moto wakati wa kuunda pipa hutoa kemikali iitwayo eujenoli, na eujenoli ndiyo roho ya mafuta ya karafuu; haifanani nayo tu, ni hiyohiyo. Mwaloni huo huwa pia na laktoni zenye harufu ya nazi, na wa Kimarekani unazo nyingi kuliko wa Kifaransa. Harufu ya pilipili hoho hutoka kwenye zabibu za Cabernet zenyewe, hasa zisipoiva vya kutosha. Na kile kinachonukia pilipili manga ndani ya Syrah, wanasayansi wa Australia walikitambua mwaka 2008: ni rotandoni, na kimo pia ndani ya pilipili manga yenyewe. Mtoto aliyelelewa kwenye kisiwa kinachotoa karafuu nyingi za Zanzibar, akichambua, akianika, akikimbia na mkeka mvua ikitisha, ameshasoma nusu ya somo hili kabla ya kujua kwamba ni somo.

Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis, jirani kabisa na Sacramento, kina mchango wake. Katika miaka ya 1980 Profesa Ann Noble alichora gurudumu la harufu, ili waonjaji waache kusema mvinyo huu una heshima au ule una majivuno, na badala yake wataje vitu vinavyonukika. Karafuu imo kwenye gurudumu hilo. Furaha haimo, na msichana wa Ohio alikubali hilo kwa moyo mweupe.

Kijana alimuuliza Mpemba amesomea wapi.

"Wete."

Aliliandika jina hilo kwenye kidaftari chake.

Suala la kama asiyegusa pombe anaruhusiwa kuinusa, dada wa Pemba amelimaliza mwenyewe na anaomba msimpigie simu kuhusu jambo hilo. Mhasibu wa Naivasha ndiye aliyeligeuza kuwa suala la fedha: aliuliza kama kuna bei ya pua peke yake. Haikuwapo, lakini kijana alifuta ada ya dereva, na baadaye akaleta chupa mbili nyingine ambazo hazikuwa kwenye ratiba, azinuse.

Isije ikadhaniwa kwamba wenye taaluma hawashindwi. Mwaka 2001 watafiti wa Kifaransa, akiwamo Frédéric Brochet, walichapisha jaribio la wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo waliopewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yaliwaamrisha, pua ikatii. Na hapahapa Sacramento, kwenye maonyesho ya jimbo, mtaalamu wa bahari aliyestaafu mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo, Robert Hodgson, aliwapima waamuzi kwa kuwapa mvinyo wa chupa moja mara tatu bila wao kujua. Matokeo yake yalitoka mwaka 2008: kama mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyetoa alama zinazokaribiana. Waliobaki waliupa mvinyo uleule daraja moja, kisha jingine. Nesi wa Dodoma alisema amewahi kufanya kazi na madaktari wa aina hiyo.

Kutoka hapo msafara ulielekea kaskazini, na wakati huo kilevi kilikuwa kimeanza kuongea. Kicheko cha shangazi kinaanzia mbali, kinapanda, kinapumzika kidogo, kinarudi na wenzake. Kwenye bustani ya kiwanda cha pili, wazee wawili wenye kofia za majani waligeuka. Msichana wa Ohio akaweka kidole mdomoni. Mhasibu akamwambia hapana, hapa Napa kicheko cha mwanamke mweusi kimeshapata kesi yake na kimeshaimaliza. Akawasimulia.

Kuna treni maarufu ya mvinyo, Napa Valley Wine Train, yenye mabehewa ya zamani, inayokwenda kutoka mji wa Napa hadi St. Helena na kurudi huku abiria wakila na kunywa. Tarehe 22 Agosti 2015 walipanda wanawake 11 wa klabu ya kusoma vitabu, kumi kati yao weusi, mmoja wao amevuka miaka 80. Wakacheka. Wakaambiwa wapunguze sauti. Wakacheka tena, kama inavyotokea kwa mtu aliyekatazwa kucheka. Treni ilipofika St. Helena walipitishwa katikati ya mabehewa mbele ya abiria wote, wakateremshwa, polisi wakiwa wanawangoja chini. Kampuni iliandika mtandaoni kwamba walifanya fujo, kisha ikalifuta andiko, kisha mkurugenzi wake akaomba radhi. Akina mama walifungua kesi ya madai ya dola milioni 11, na mwaka uliofuata pande mbili zikamalizana kwa masharti yasiyotangazwa.

"Milioni kumi na moja?" aliuliza shangazi. Akacheka tena, safari hii kwa makusudi, akiwatazama wale wazee wenye kofia. Mmoja wao aliinua glasi kumsalimu.

Njiani wakapita chini ya mlima wenye kiwanda cha Schramsberg, na Mpemba, ambaye alikuwa amesoma kijitabu cha watalii wakati wenzake wakinywa, akatoa maelezo bila kuombwa. Mjerumani Jacob Schram alikianzisha mwaka 1862, na mapango yake ya kuhifadhia mvinyo yalichimbwa kwa mikono na vibarua wa Kichina. Mwaka 1882 Marekani ikapiga marufuku kwa sheria vibarua wa Kichina kuingia nchini. Mwaka 1972 Rais Nixon alipokwenda Beijing kutafuta urafiki, mvinyo wa mapovu uliobebwa kwa ajili ya kugonganisha glasi na Zhou Enlai ulikuwa wa Schramsberg. Garini pakawa kimya kidogo. Kisha bibi harusi akasema ana njaa.

Kituo kikuu cha ratiba kilikuwa karibu na Calistoga: ngome. Ngome ya mawe yenye minara, handaki, daraja la kuinuliwa na vyumba 107, kwa mtindo wa Italia ya karne ya 13. Ilifunguliwa mwaka 2007. Mwenyewe, Dario Sattui, aliijenga kwa miaka mingi, akaiita Castello di Amorosa, na hakusahau kuweka chumba cha mateso chenye vifaa vyake. Wamarekani walikuwa wamepanga picha za pamoja uani. Shangazi alipoteremka kwenye kile chumba, akaona kiti cha misumari, aliuliza kama hiki ni cha mume au cha mke, kisha akawaita wasichana wote waje wakae. Akafunga kilemba upya. Wenye uzoefu wa kicheni pati walijua kinachofuata.

Na hapa mwandishi wa barua hii ana la kusema. Desturi hii ya huku ina kila kitu cha kwetu: sare, mchango, marufuku ya wanaume, vyakula vya kupigwa picha, na siri. Ina mpambe mkuu anayeshinda kamati nzima ya Kinondoni kwa kupanga. Isichokuwa nacho ni mtu mmoja aliyewahi kuolewa. Wasichana saba ambao hawajaolewa humsindikiza wa nane kwenda mahali ambapo hakuna hata mmoja wao amefika, na wakimpa mawaidha yoyote huwa ni kuhusu nywele. Kungwi hayupo. Somo hayupo. Labda ndiyo maana wanahitaji mvinyo mwingi hivyo.

Yaliyosemwa ndani ya chumba cha mateso hayaandikwi kwenye barua inayosomwa na mabinti wa shule. Inatosha kusema kwamba bibi harusi alitafsiri dakika tano za mwanzo, akaacha kwa aibu, Mpemba akachukua nafasi yake na kutafsiri bila kupepesa, maana Pemba nako wanafundwa. Wamarekani walianza kwa kucheka, wakaendelea kwa kuuliza maswali, na mmoja wao alikuwa anaandika kwenye simu. Kikundi cha watalii kilichopita na kiongozi wake kilisimama mlangoni kikidhani ni sehemu ya maonyesho.

Kisha zawadi. Boksi lilibebwa hadi uani, masufuria yakatolewa moja baada ya jingine, kila moja na agizo lake. Dogo kabisa la uji wa mtoto. Linalofuata la chai ya wawili. La tatu la mboga, na mfuniko wake usiazimwe mtu. Ikaendelea hivyo mpaka la saba, ambalo shangazi alilisimamisha chini kwa kishindo: hilo ni la wakwe, na wakija usiwaambie mnakula nje. Mhasibu akapiga vigelegele. Nesi akaitikia. Mawe ya ngome yakavirudisha mara tatu, na mtu fulani kwenye mnara akapiga makofi.

Msichana wa Ohio, akiwa ameshafuta machozi, akakabidhi ya kwake: vazi la kulalia lenye upana wa leso, na kamba mbili. Wote waliganda. Shangazi alilichukua, akalinyoosha kwenye mwanga wa jua, akaligeuza mbele na nyuma, akalikunja vizuri na kumrudishia bibi harusi. Akasema katika zawadi zote za siku hii, hii ndiyo iliyofuata mada.

Kuhusu bafu la matope la Calistoga, ambako watu hulipia kufukiwa hadi shingoni kwenye majivu ya volkano na maji ya moto, shangazi alibaki garini na nesi. Amelima Kibosho masika yote ya ujana wake na matope ameshayapata bure.

Usiku, hesabu. Mgahawa ulileta bili moja ndefu, na juu yake bakshishi ya asilimia 20, ambayo huku si hiari ingawa imeandikwa hiari. Kwa desturi bibi harusi halipi, waliobaki hugawana. Wamarekani walitoa simu na kutumiana pesa kwa Venmo, wakajiona wako mbele ya dunia. Mhasibu wa Naivasha hakuweza kuvumilia. Aliwaarifu kwamba Venmo ilianzishwa mwaka 2009, na M-Pesa ilikuwa ikitumika Kenya tangu 2007, wakati wao bado wanaandikiana hundi kulipana pesa ya pizza. Akalipa sehemu yake kwa noti, kwa ajili ya kusisitiza.

Shangazi aliwatazama wakichangishana, jinsi walivyokuwa wepesi, jinsi hakuna aliyesema atalipa mwisho wa mwezi, na uso wake ukabadilika. Akaomba namba za simu za wote, awatumie picha.

Jumatatu asubuhi wasichana watatu wa Kimarekani waliamka na kukuta wameingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, lenye wajumbe 64, wengi wao wako Moshi na hawalali. Msichana wa Ohio ameteuliwa katibu, kwa sababu ya ile ratiba. Ahadi yake imeandikwa dola 300, bila kuulizwa, na tarehe ya mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Mpemba yumo pia, upande wa vyakula, kitengo cha viungo. Mnaombwa nanyi wa nyumbani mthibitishe za kwenu mapema, maana shangazi ameanza kupiga simu kwa mpangilio wa alfabeti na tayari amefika herufi K.